Mwezi wa Harusi na Mwezi wa Dagaa: Nilivyotafuta Wateja wa Video Mwanza

Machi 2025 sikushuti harusi hata moja. Jumapili ya tarehe 2 Waislamu walianza mfungo wa Ramadhani, na Jumatano yake, tarehe 5, sisi Wakatoliki tukapakwa majivu. Kwaresima na Ramadhani zikiingia wiki moja, kumbi za Mwanza zinalala giza, ma-MC wanapumzisha koo, na mpiga video asiye na kazi nyingine anabaki kuitazama kamera yake kama mvuvi anayetazama mtumbwi uliovutwa nchi kavu. Mimi nilikuwa huyo.

Cha kuchekesha ni kwamba jambo lenyewe halikuwa siri. Tarehe hizo zimo kwenye kalenda iliyotundikwa sebuleni kwetu. Lakini nilikuwa na miezi minne tu tangu niache studio moja ya mjini nilikofanya kazi miaka mitano, na kule Kwaresima lilikuwa tatizo la bosi. Mshahara, mdogo kama ulivyokuwa, ulikuja. Desemba nikiwa peke yangu nilipata harusi tano na sendofu mbili, nikajiona nimetoboa. Nikakopa 1,200,000 kwenye kikoba cha mama mdogo, nikanunua gimbo ya kutuliza kamera na taa mbili. Rejesho lilikuwa 110,000 kila mwezi kwa mwaka mzima. Weka hesabu hiyo kando ya Machi isiyo na harusi.

Vijana wawili walioanza kushuti karibuni wameniuliza, kwa nyakati tofauti, wateja nawapata wapi. Kwenye kijiwe cha kahawa jibu huwa fupi: Mungu anasaidia. Anasaidia kweli, lakini jibu hilo limeficha mengi. Naandika hapa lile refu, pamoja na hela nilizozitupa.

Kosa la kwanza nililifanya kwa nusu saa, na kulifuta kukanichukua miezi. Nilitengeneza tangazo la stetasi: harusi nzima, video na picha mnato, 150,000. Desemba nilikuwa natoza 450,000. Niliwaza kwamba nikishusha bei watakuja wengi, nitapata jina, halafu nitapandisha. Pasaka ilipopita, tarehe 20 Aprili, simu zikaanza kuingia kweli, na ya kwanza ilikuwa harusi ya Igoma.

Ile harusi nimeiandika kwenye daftari senti kwa senti. Msaidizi 40,000. Bajaji ya kubeba vyombo kwenda na kurudi 22,000. Flashi mbili, moja ya maharusi na moja ya wazazi, 24,000. Bando la kutuma klipu 10,000. Nilibakiwa na 54,000 kwa siku iliyoanza saa 12 asubuhi saluni na kuisha saa 7 usiku ukumbini, halafu usiku nne za kuediti. Yaani harusi mbili za namna hiyo zilikuwa hazitoshi kulipa rejesho moja la kikoba.

Hasara ningeimeza. Kilichoniumiza ni kwamba bei ina miguu. Mwenyekiti wa kamati ile alinisifu kwa watu watatu, na wote watatu walianza na neno moja: "Wewe si ndiye yule wa laki na nusu?" Nilipotaja 400,000 mmoja aliguna, akakata simu bila kuaga. Hadi Septemba nilikuwa bado nakutana na watu wanaonijua kwa bei hiyo. Kama una njaa na lazima upunguze, punguza kazi: shuti kanisani na keki tu, acha saluni na usiku wa manane. Bei ya kazi kamili iache mahali pake.

Kosa la pili lilikuwa Instagram. Nililipia tangazo 60,000. Nikakaa na simu kifuani kama mgonjwa anayesubiri majibu, mke wangu akaniambia, "Baba, simu haiiti kwa kutazamwa." Tangazo liliwafikia watu elfu kadhaa. Nilipofungua kuona wako wapi, nikagundua sikuchagua eneo vizuri: limetembea Dar es Salaam, Nairobi, Kampala. Waliolipenda zaidi walikuwa wapiga video wenzangu. Jamaa mmoja aliniandikia kwa heshima kubwa kuniuliza natumia lenzi gani. Nikamjibu. Ndiyo mazungumzo pekee niliyoyapata kwa 60,000 zile.

Halafu kulikuwa na barua. Niliandika barua 11, nikazitia kwenye bahasha pamoja na flashi ndogo, nikavaa shati la mikono mirefu, nikazunguka nazo Capri Point, mjini kati, hadi Pasiansi. Hotelini mlinzi aliniuliza kama nina miadi. Sikuwa nayo. Mahali pengine dada wa mapokezi alipokea bahasha kwa mikono miwili na kuiweka juu ya nyingine ambazo zilikuwa na vumbi. Katika 11 alipiga mmoja. Walikuwa na tukio la siku mbili, hawana bajeti, "lakini utajulikana." Nilienda. Video ilitumika, jina langu halikuwekwa popote, na sijajulikana hadi leo.

La mwisho katika orodha ya aibu lilikuwa Juni. Waandaaji wa tukio fulani walikubali 800,000. Sikudai advansi ya maana kwa sababu walikuwa watu wakubwa, na mimi nilikuwa na hofu ya kuonekana njaa. Walinipa 300,000, nikakabidhi kazi yote iliyokamilika, nikaanza kupigwa kalenda. Ijumaa. Mwisho wa mwezi. Bosi amesafiri. Laki tano ile imebaki kwenye daftari kwa wino mwekundu. Tangu siku hiyo masharti yangu ni haya: nusu ya kufunga tarehe, robo asubuhi ya tukio kabla sijafungua begi, robo iliyobaki kabla flashi haijatoka mkononi mwangu. Anayetaka kuona kwanza namtumia video yenye jina langu kubwa katikati ya picha. Wapo walionuna. Waliolipa ni wengi kuliko walionuna.

Sasa nirudi nyuma kidogo, Mei, maana katikati ya makosa hayo kuna kitu kilitokea nikakipuuza.

Nilikuwa na harusi katika parokia moja upande wa Nyakato. Nilifika mapema, nikaenda sakristia, nikasalimia, nikamwuliza padre anapenda tusimame wapi. Alionekana kushangaa kidogo. Akanipa mambo mawili: nisipande altareni, na wakati wa mageuzo, mkate na divai vinapogeuzwa, nisitembee kabisa. Basi niliweka stendi pembeni karibu na kwaya, na kengele ilipopigwa nikasimama kimya, mikono chini, kamera ikijishutia yenyewe. Msaidizi wangu alitaka kwenda mbele kupata picha ya karibu, nikamshika mkanda.

Wiki sita baadaye ananipigia mama mmoja nisiyemfahamu. "Wewe ndiye yule kijana uliyesimama?" Sikuelewa. Akafafanua: alikuwa kwenye kwaya siku ile, amechoka na wapiga video wanaokimbia mbele ya altare kama wanafukuza kuku, na binti yake anaolewa Agosti. Tulikubaliana 500,000 kwa simu, na advansi akatuma jioni ile ile. Nilipokwenda kumwona kuzungumza ratiba, nikamfungulia kazi zangu kwenye kompyuta mpakato. Akatazama sekunde kumi kwa adabu, akaniambia nifunge, chai inapoa. Mama yule hakuwahi kuona video yangu hata moja kabla ya kunilipa. Aliniona mimi.

Nilipotoka pale nikafungua ukurasa mpya kwenye daftari, nikaweka safu moja: ametoka wapi. Kila kazi iliyoingia niliuliza, "Samahani, namba yangu umeipata kwa nani?" Kuanzia Mei hadi Desemba nilifanya kazi 23 za kulipwa, kila mteja nikimhesabu mara moja. Tisa zilitoka kwa watu walioniona nikifanya kazi kwenye tukio la mtu mwingine. Sita zililetwa na wapambaji, ma-MC na fundi mmoja wa muziki. Tano zilitoka Mwaloni, nitakueleza. Mbili ni ndugu. Moja ilitoka Instagram. Miezi yote ile nilikuwa nahangaika kuwaonyesha watu kazi, na waliokuwa wananiita ni wale walioniona niko kazini: nimevaaje, nasemaje na wazee, nakula saa ngapi, namkanyaga nani. Ndipo nikaacha kuvaa fulana yenye maandishi makubwa ya jina la biashara, nikanunua viatu vyeusi visivyopiga kelele. Unaweza kucheka. Viatu vile 35,000 vimenilipa kuliko tangazo.

Hao wapambaji na ma-MC niliwapata kwa njia rahisi ambayo ningetamani ningeambiwa mapema. Mpambaji anatumia siku nzima kutengeneza jukwaa, wageni wanalikalia, asubuhi linabomolewa, na mara nyingi anabaki na picha za simu zilizokaa upande. Mpishi wa keki hivyo hivyo. Nikaanza kushuti sekunde thelathini za kazi ya kila mmoja kabla ukumbi haujajaa, na kabla ya saa 4 asubuhi ya kesho yake namtumia klipu yake, bure. Yeye anaiweka kwenye ukurasa wake ikiwa bado ya moto, na anaandika jina langu chini. Kamati nyingi huku kwetu humtafuta mpambaji kabla ya mpiga video, kwa hiyo swali la "unamjua mtu wa video?" humkuta yeye kwanza.

Niliharibu hapo pia. Julai mpambaji mmoja aliweka klipu mtandaoni Jumapili asubuhi, na bibi harusi alikuwa anaonekana akiingia. Yeye mwenyewe alikuwa hajaweka hata picha moja. Alinipigia akilia: "Kaka, shangazi yangu wa Bukoba ameona gauni langu kwa mpambaji!" Nilikuwa na kosa wala sikujitetea. Siku hizi kwenye mkataba wangu wa ukurasa mmoja kuna mstari unaouliza maharusi kama wanaruhusu picha zao kuwekwa mtandaoni, na lini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake, lakini hata bila sheria, gauni ni la mwenyewe. Klipu za wapambaji nazishuti viti vikiwa vitupu.

(Jambo dogo la kiufundi: usiweke wimbo wa msanii juu ya klipu ukadhani utapona. Sauti inazimwa au video inaondolewa. Vigelegele, ngoma na kicheko cha babu vinatosha, na havimilikiwi na mtu.)

Sasa Mwaloni.

Rejesho la Machi sikulipa. La Aprili nililipa nusu. Kikoba kinakutana Jumamosi jioni Kirumba, na mwanachama anayedaiwa husimama mbele ya kina mama kueleza. Mimi si mwanachama, nilikopeshwa kwa dhamana ya mama mdogo, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa asimame. Sikuweza kukubali hilo. Nilikwenda mwenyewe, nikasimama mbele ya wanawake ishirini na kitu, nikaomba radhi, nikaeleza habari za Kwaresima. Mmoja akacheka kwa sauti: "Kwani harusi tu ndiyo inashutiwa?" Alikuwa mfanyabiashara wa dagaa Mwaloni. Akasema badala ya kuwalilia, niende nikamshutie mzigo wake, hela atailipa moja kwa moja kwenye kitabu cha kikoba. Faini ya 5,000 nikalipa hapo hapo.

Nilifika Mwaloni Jumanne saa 1 asubuhi. Kama hupajui, soko la Kirumba Mwaloni ndipo dagaa na samaki wakavu wa visiwani wanaposhukia. Magunia yanapandishwa malori ya Dar es Salaam, Rwanda, Burundi na Congo, na korongo wanatembea kati ya watu kama maafisa wa ushuru. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimia mama yule wa dagaa kwa Kisukuma. Akaitikia, akanipeleka hadi mwalo wa Igombe wanakoanikia. Dagaa wake wanakaushwa juu ya vichanja, wamejitenga na ardhi, tofauti na wale wanaomwagwa mchangani. Nilifurahi sana. Jua la asubuhi lilikuwa bado chini ziwani, maji ya dhahabu, mitumbwi inarudi. Nilishuti kwa gimbo, nikapunguza mwendo, nikaweka muziki wa taratibu. Dakika mbili na nusu. Niliona ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Aliitazama yote. Akasema, "Nzuri mwanangu. Dagaa wako wapi?"

Nikamwonyesha, hawa hapa, nyuma ya jua. Akatikisa kichwa. "Mteja wangu yuko Lubumbashi. Hanunui jua."

Akanifundisha kazi yangu. Mnunuzi wa mbali ana hofu moja kubwa, mchanga. Analipia kilo, akifika nazo sehemu ya kilo ni mchanga wa mwaloni. Kwa hiyo alitaka hivi: kitambaa cheupe kimetandikwa, mkono wake unachota dagaa katikati ya gunia, tena si juu, anawafikicha viganjani, halafu kitambaa kinaonyeshwa kwa karibu. Safi. Kisha mizani, namba zisomeke. Kisha gunia linashonwa, na yeye anataja tarehe kwa sauti yake. Basi. Muziki hapana, kwa sababu mteja anataka kusikia dagaa wakavu wanavyolia mkononi. Video iwe ya wima, isizidi dakika moja, iwe nyepesi ifunguke kwa bando dogo. Niliuliza kama tuweke maandishi ya Kifaransa. Akanitazama kwa huruma: Lubumbashi wanaongea Kiswahili.

Ile video ya sekunde 50 niliishuti kwa dakika ishirini na kuiediti ndani ya daladala nikirudi. Alilipa 60,000 kwenye kitabu. Wiki iliyofuata akaniita tena, na mwenzake wa meza ya pili akauliza huyu kijana anafanya nini na kitambaa. Hadi Oktoba nilikuwa na wateja watano pale, kila mmoja na video yake kila shehena mpya inapoingia.

Shehena yenyewe ina kalenda yake, na hapo nilichelewa kuelewa. Nilimpigia simu mama yule wa dagaa katikati ya mwezi mpevu kuuliza kama kuna kazi. "Mwanangu, unataka ushuti magunia matupu?" Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa; zamani karabai, sasa wengi wanatumia za sola. Taa inawavuta kwa sababu nje ni giza. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima lina mwanga, dagaa hawakusanyiki, wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Kwa hiyo mtu wa dagaa ana hela wakati wa giza na baada yake kidogo. Ukimfuata kwenye mbalamwezi hata kama anakupenda atakupa maji ya kunywa. Nilichora miezi kwenye kalenda ile ile ya parokia: duara jeusi, duara jeupe.

Igombe kukaleta jingine. Shirika moja linalofundisha kina mama kuanika kwenye vichanja lilifika na wageni wake, wakanikuta nimepiga magoti na kamera juu ya kitambaa cheupe. Dada aliyeongoza msafara akachukua namba. Kazi ilikuwa ya 1,500,000, kubwa kuliko yoyote niliyowahi kupata, na karibu niipoteze kwa sababu waliomba profoma, yaani ankara ya awali, na TIN, namba ya mlipakodi. TIN nilikuwa nayo, profoma sikujua hata inaandikwaje. Nilikesha. Iandae mapema, ukurasa mmoja: wewe ni nani, unafanya nini, siku ngapi, bei, masharti, akaunti.

Hela iliingia baada ya siku 47, na ilikuwa 1,425,000. Nikapandwa na hasira. Nikapiga simu, nikaongea kwa sauti ambayo leo naionea haya. Mhasibu akaniacha nimalize, kisha akasema taratibu kwamba hiyo 75,000 ni kodi ya zuio, asilimia 5 kwa huduma, wameilipa TRA kwa jina langu na cheti changu kipo tayari nikachukue, kitanisaidia kwenye hesabu zangu za mwaka. Nilikwenda kukichukua nikiwa nimebeba soda mbili za kuombea msamaha. Kazi za mashirika ni nzuri, ila ziwekee akiba ya miezi miwili ya kusubiri, na uliza kodi kabla ya kutaja bei.

Nusura nisahau daraja. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, kilomita tatu juu ya maji, na ile foleni ya kivuko ikawa hadithi. Sengerema na Geita zikasogea mlangoni kwetu. Agosti nikapata harusi Sengerema, nikatoza bei ya mjini kwa furaha ya daraja. Sherehe ikaisha saa 8 usiku. Hakuna gari. Mimi na msaidizi tukalala gesti 25,000 kila mmoja, asubuhi tukakodi gari kwa sababu ya vyombo. Daraja limefupisha njia, usiku haujafupishwa. Nauli na malazi sasa vina mstari wake, tofauti na bei ya kazi.

Na kuna kazi ya 400,000 niliikataa, bado inaniuma kidogo. Mteja alitaka droni irushwe juu ya Bismarck Rock, lile jiwe la ziwani, kesho yake. Droni ya kuazima ningeipata. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga sikuwa nacho, wala hakipatikani kwa siku moja, na mji huu una uwanja wa ndege na ndege zinapita. Alimpata mwingine. Sijui iliishaje.

Deni la kikoba nililimaliza Februari 2026, siku chache kabla ya majivu. Maana Jumatano ya Majivu mwaka huu iliangukia tarehe 18 Februari, na Ramadhani ikaandama wiki hiyo hiyo, kama mwaka jana. Kumbi zikazima taa. Mwenzangu mmoja niliyeacha naye studio alinipigia kulalamika, nikamsikiliza hadi mwisho, sikuwa na cha kumcheka.

Usiku ule wa mwandamo nilikuwa nimekaa kibarazani, watu wanatafuta mwezi upande wa ziwa, mwembamba kama ukucha. Watoto wa jirani wakaanza kupiga kelele wameuona. Simu yangu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Giza limeingia. Wameshaondoka na taa zao. Alhamisi njoo Igombe na kitambaa, kile cha zamani kimeingia doa."

Nikamwambia mke wangu atafute shuka jeupe.